Kioo Kilishika Umande

Ouma alirudi kutoka makaburini na udongo kwenye viatu, akavuta kiti cha plastiki chini ya turubai, na kabla ya kukaa akakipangusa kwa kiganja. Kiti kilikuwa kikavu. Jua lilikuwa limekichoma tangu asubuhi. Lakini mtu aliyewahi kukesha kwenye paa akisubiri mawingu yafunguke hakai bila kugusa kiti kwanza, hata mvi zikimjaa kichwani. Nilikuwa nikipita na sinia ya kahawa baina ya wageni, nikamwona. Miaka yote hii tumeishi mji mmoja, yeye mtaa wa Mowlem na mimi mtaa wa Lucky Summer, na tulichokuwa tukipeana ni salamu za haraka tukikutana sokoni. Sasa wanaume walikuwa wamemzika Ami Hashim, na mimi nilikuwa na ujumbe wake kwa Ouma. Marehemu mwenyewe alinikabidhi. Niliubeba kama mtu abebaye sufuria ya mafuta moto, nikitafuta pa kuitua. Nilidhani nikiutua utaponya kitu. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa mjinga mwenye nia njema.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, mambo hayo hayana sehemu katika hadithi hii. Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nasimamia saiba ya mtaani Lucky Summer, siku zile ambazo mtu alilazimika kutoka nyumbani ili aingie mtandaoni. Chumba chenyewe kilikuwa na kompyuta chache zilizovuma kuliko zilivyofanya kazi, pazia la buluu lililopauka, na harufu ya sambusa kutoka kwa jirani iliyopenya ukutani kutwa nzima, hata leo nikinusa mafuta ya sambusa nasikia sauti ya mashine ikiwaka. Nilipanga chumba katika ploti ya Ami Hashim, chini kabisa ya sebule yake. Hakuwa ami yangu kwa damu. Mtaa mzima ulimwita hivyo, mzee wa asili ya pwani aliyeuza magodoro na mikeka ya sponji, mpole, mtani, anayetembea mikono ikiwa nyuma. Siku aliyoingia saiba mara ya kwanza aliniomba nimtafutie picha za Zohali na pete zake. Aliponiuliza jina nikamwambia Zuhura, akacheka mpaka akavua miwani. "Basi wewe ndiwe nyota ya alfajiri, mwanangu. Hebu nitafutie ndugu zako." Nikamtafutia, na ndipo tulipoliona Baraza la Anga, jukwaa la mtandaoni la watu wa Afrika Mashariki wanaotazama nyota. Tukajiandikisha sote wawili. Kwa kuwa nilikuwa mtandaoni kutwa, haikupita muda wakanifanya msimamizi, kazi isiyo na shukrani, kama unavyoijua ukiwahi kuamua ugomvi wa watu usiowaona nyuso.

Ouma tulimpata humo humo barazani. Alikuwa fundi wa friji, mwenye sauti nene na vidole vilivyojaa makovu ya kuchomeka, na alikuwa na ruhusa ya kutumia paa la ploti yao kule Mowlem, kati ya matangi ya maji. Yeye na Ami Hashim waliungana wakanunua darubini kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama nchi. Ilikuwa ndefu, nyeupe, na kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kuliko sahani ya chai. Sijawahi kuona wanaume wawili wazima wakipendana kama walivyopendana miezi ile. Mama Akinyi, mke wa Ouma, alikuwa akitupandishia chai ya maziwa kwenye chupa na viazi vitamu vilivyofungwa kwa gazeti, akisimama kuwasikiliza wakibishana ni nani atangulie kutazama. "Tangulia, Ami." "Hapana, wewe ndiye mwenye paa." Aliniambia pembeni kwamba mumewe hata kanisani hajawahi kumpisha mtu hivyo. Nilicheka. Nikikumbuka kicheko hicho leo natamani kulia, maana hakuna hata mmoja wetu aliyejua tulikuwa tayari kileleni, na kwamba kilichobaki ni kushuka.

Kilichotushusha ni umande. Mtu asiyetazama nyota atashangaa, lakini umande ndio adui wa kweli wa kazi hii. Mawingu unayaona yakija. Umande hauonekani ukija. Kioo cha mbele kikitazama mbingu wazi kinapoa kuliko hewa, na unyevu unakaa juu yake kidogo kidogo, kimya kimya, mpaka nyota zinavimba na kufifia na wewe unadhani ni wingu jembamba. Ami Hashim alikuwa na dawa yake. Alikata mkeka wa sponji mweusi dukani, akaushona kuwa bomba, akalivisha mdomo wa darubini. Kofia, tuliiita. Inakikinga kioo kisitazamane na mbingu yote, basi kinachelewa kupoa. Ouma naye alikuwa na yake. Alitoa kwenye friji mbovu ule waya unaoyeyusha barafu, akauzungusha kwenye kioo, akaunganisha na stima kutoka nyumbani kwake, kioo kikakaa na uvuguvugu usiokubali maji. Ami alisema joto linafanya hewa ya mbele ya kioo icheze na nyota zitetemeke. Tena, alisema, stima ya Mowlem ni ya kuaminiwa? Ouma alisema kofia haizuii umande, inauchelewesha tu. Wote wawili walisema kweli. Hilo ndilo lililonichosha baadaye, kwamba hakuna aliyekuwa akidanganya.

Wangebishana paani yangeisha kwa kikombe cha chai. Lakini Ami aliandika barazani, Ouma akajibu barazani, na baraza likapata la kufanya. Mtu wa Naivasha alisema sote tumepotea, tutumie mashine ya kukaushia nywele. Mwingine wa Limuru alisema yeye hupangusa kwa kitambaa, akashambuliwa kama mtu aliyekiri kupiga mtoto, maana kitambaa kinakwangua kioo. Likazuka kundi la kofia na kundi la moto. Vijana wa mtaani wasiojua Zohali wala Mushtari walijiunga kwa ajili ya matusi tu. "Buda, hiyo kofia yako ni ya kuzeeka nayo," mmoja aliandika. "Nyinyi wa moto mtaunguza paa ya wenyewe," akajibiwa. Nilifuta, nikaonya, nikafunga mada, ikafunguliwa nyingine. Mwanzoni Ami alikuwa akija saiba anacheka, ananiambia nimsomee kwa sauti kwa kuwa maandishi ya kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa yakimsumbua. Kadiri siku zilivyokwenda alisikiliza bila kucheka. Alikuwa akiinamisha kichwa, kidole kikizunguka kwenye ukingo wa meza.

Kuhusu macho yake nilijua kabla hajaniambia, kwa kuwa sebule yake ilikuwa dari yangu, na mazungumzo ya juu yaliteremka kwangu pamoja na harufu ya mbaazi za nazi za mkewe, Bi Mwanaisha. Presha ya macho, ndivyo daktari alivyosema. "Kasema bado kuna cha kuokoa wakikupasua mapema," nilimsikia mkewe. "Wakipasua na mkono ukateleza?" "Na usipopasuliwa?" Kisha kijiko kikagonga sahani. Alikuwa mtu aliyembeba mgonjwa yeyote wa mtaa huu hadi hospitali, lakini kisu kwenye jicho lake kilimtisha kama mtoto. Kati yetu wa barazani alikuwa amemwambia Ouma peke yake, paani, kwa siri ya rafiki na rafiki.

Na Ouma akaiandika. Siwezi kulipamba jambo hilo. Ami alikuwa ameweka barazani taarifa kwamba jana yake kofia ilimaliza saa nyingi na picha ilibaki safi. Ouma, ambaye alikuwa naye hapo hapo na aliona kioo kimeanza kufifia, alipandwa na hasira mbele ya watu wote wa Afrika Mashariki. Aliandika: "Ami, wacha kudanganya watu. Hiyo si kioo, ni macho yako. Wewe siku hizi huwezi jua umande ni gani na ukungu wa macho ni gani." Nilikuwa nikisoma kwa sauti. Sentensi ilikuwa imeshanitoka nusu kabla sijaielewa, nikanyamaza. Ami akasema taratibu, "Maliza, mwanangu." Nikamaliza. Akainuka, akasukuma kiti ndani ya meza kwa adabu yake ile, akaniaga. Niliifuta ile sentensi mara moja. Ilikuwa kama kufagia maji, watu walikuwa wameshaisoma na wengine wameshainakili.

Ami hakwenda tena Mowlem. Mvua fupi zikaingia, Ramadhani ikaingia, na ndani ya mwezi ule ikatangazwa nyota yenye mkia, ambayo ingeonekana upande wa mashariki kabla ya alfajiri kwa siku chache tu, kisha iende zake kwa muda ambao hakuna hata mjukuu wetu atakayeishi kuusubiri. Baraza lilisahau umande kwa siku mbili tatu. Ami Hashim alikuja saiba mchana mmoja, mdomo umekauka kwa saumu, akakaa bila kuomba kompyuta. Aliniambia amefanya nadhiri na nafsi yake. Akiiona ile nyota, hata kwa chembe, basi atajua macho bado yana kitu na atakwenda kupasuliwa. Asipoiona, atajua hakuna cha kuokoa na atamwachia Mungu. Nilimwambia hayo si mambo ya kuwekeana dau na nyota, aende tu kwa daktari. "Daktari anaona jicho kwa nje," akasema. "Ninayejua lililomo ndani ni mimi." Nilibishana naye mpaka wateja wakageuka kutuangalia. Hakubadilika.

Kwa hiyo nilikwenda Mowlem. Nilimkuta Ouma amelala chali nyuma ya friji ya mtu, nikamweleza yote akiwa huko huko chini. Alitoka taratibu, uso umejaa vumbi, akakaa sakafuni. "Zuhura, mimi nilikosea vibaya," akasema. "Mtu haandikangi kitu kama hiyo. Nimekuwa nikitaka kuja, lakini nitaanza aje?" Nikamwambia aanze kwa daku. Mama Akinyi, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni, akasema, "Mwambie aje na Bi Mwanaisha pia. Nitapika." Na Ouma, ili rafiki yake ajue kwamba amemrudia kwa moyo wote, akafanya jambo ambalo mtu wa darubini pekee angelifanya na mwenzake pekee angelielewa. Aliufungua ule waya wake wote kwenye kioo, akauviringa, akaupeleka nyumbani. Akaitafuta ile kofia ya sponji, akaivisha. "Akipanda aikute," aliniambia. "Ajue nimekubali."

Ami aliitikia mwaliko, na asubuhi tuliyokutana mbingu ilifunguka. Mvua ilikuwa imenyesha jioni ikakoma, na hewa ilikuwa nzito, mabati ya jirani yaking'aa kwa maji. Ami alipanda ngazi akishika ukuta, Bi Mwanaisha nyuma yake na kikapu cha mahamri na tende. Alipofika juu alinyoosha mkono, akaupapasa mdomo wa darubini, na vidole vyake vikakutana na sponji. Walikumbatiana kati ya matangi, na Mama Akinyi akageuza uso. Ile nyota ilikuwa bado iko nyuma ya magorofa ya mashariki, basi tukakaa kula. Kulikuwa na chapati, mchuzi wa kuku wa nazi, uji wa wimbi, tende, chai ya tangawizi. Ami alitania mahamri ya mkewe, Ouma akasimulia habari za mteja aliyefungia paka ndani ya friji, tukacheka kwa sauti mpaka mpangaji wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Tulikaa muda mrefu kuliko tulivyodhani. Na wakati wote tulipokuwa tukila na kupatana, darubini ilisimama pale na uso wake mbinguni, na hewa ikiwa nzito namna ile kofia haikuweza peke yake.

Ouma aliilenga kwa kutumia darubini ndogo ya kulengea iliyofungwa ubavuni mwa ile kubwa, akasema, "Iko. Ami, tangulia." Ami Hashim aliinama. Alitazama kwa muda. Alibadilisha jicho, akatazama tena. Aliposimama wima alikuwa akitabasamu, na tabasamu hilo lilinitia baridi kuliko hewa ya paa. "Alhamdulillahi," akasema. "Naona weupe tu. Basi, nimejua." Ouma alirukia darubini, akatazama, akamulika kioo kwa tochi. "Ami, ni umande! Kioo imeshika umande, angalia, imejaa maji!" Nami nikatazama, nikaona ule ule weupe wa maziwa, nikasema, "Kweli, Ami, hata mimi naona ukungu mtupu." Ami aliweka mkono begani kwa Ouma. "Mbele ya watu wote uliandika si kioo, ni macho yangu," akasema, bila hasira hata kidogo. "Leo kwenye paa lako unaniambia si macho, ni kioo. Unanihurumia, ndugu yangu. Nashukuru." "Haki ya Mungu, Ami, naapa!" "Najua," akasema. "Nashukuru sana." Akamshika mkewe mkono, akaanza kuteremka ngazi.

Ouma alikimbia nyumbani akarudi na mashine ya kukaushia nywele ya Mama Akinyi, waya ukiburutika, akapulizia kioo huku akilia waziwazi. Kioo kikasafika. Nikainama, na pale ilikuwepo, ndogo, kali, mkia wake umenyooka juu kama kitu kilichochorwa kwa chaki. Nilipiga kelele kabla ya kufikiri. "Ami! Naiona! Iko wazi kabisa, rudi!" Nilikimbilia ngazini. Alikuwa amesimama nusu ya njia, kiganja ukutani, uso ameuinua kwangu. "Si nimewaambia," akasema. "Nyinyi mnaiona wazi. Iangalieni, wanangu, nyinyi wenye macho." Adhana ya alfajiri ikaanza, akateremka. Hivyo furaha yangu ndiyo iliyomthibitishia. Nimeligeuza jambo hili kila upande kwa miaka yote hii, na sijaona ningesema nini kingine.

Hakwenda hospitali. Bi Mwanaisha alimsihi, mimi nilimsihi, Ouma alikuja mara nyingi akakaa sebuleni juu ya dari yangu, na nilimsikia akieleza habari za kioo na unyevu na baridi kwa sauti ile nene mpaka ikavunjika. Siku moja Ouma aliandika barazani. Alisema kofia peke yake ilishindwa, kioo kilishika umande, kile Ami Hashim alichokiona kilikuwa maji wala si macho yake, na kwamba anamwomba radhi mbele ya wote walioyasoma maneno yake ya kwanza. Nadhani ni maandishi ya kweli kuliko yote yaliyowahi kuandikwa mle. Kundi la moto likasherehekea. "Si tulisema? Kofia chali! Ouma amewamaliza, wasee!" Waliandika hivyo ukurasa baada ya ukurasa, wala hakuna hata mmoja aliyeuliza hali ya mzee. Baraza zima lilimwamini Ouma. Nilipanda juu nikamweleza Ami alichoandika rafiki yake, neno kwa neno. Alisikiliza kichwa chini. "Mtu mwema sana, Ouma," akasema. "Hata mbele za watu amekubali kusema uongo kwa ajili yangu." Niliteremka, nikaenda saiba, nikaifunga ile mada. Sikuandika tena mle, na baada ya muda baraza lenyewe likafa bila mtu kuliaga.

Giza lilimfunika Ami polepole. Kwanza alianza kujigonga kwenye miguu ya meza, kisha akawa anamwaga chai nje ya kikombe, kisha duka likashikwa na wengine. Ouma akaacha kuja, kwa sababu kila akija alishukuriwa, na kuna shukrani ambazo mtu hawezi kuzibeba. Darubini niliambiwa imebaki paani, imefungwa kwa nailoni, kisha sikuambiwa tena. Mimi nilibaki katika chumba kile kile, nikizeeka chini ya nyayo zake. Kila alfajiri nilizisikia zikitafuta mlango, na kila alfajiri nilijua kwamba nyayo zile zilipaswa kuwa na macho. Siwezi kusema nilizoea. Watu husema mtu huzoea.

Majuzi, mvua ikiwa imekoma usiku, nilimkuta kibarazani kwake baada ya swala. Alikuwa amesimama, kiganja kimelala juu ya kiti cha plastiki kilicholala nje. Alikipangusa, akausugua umande kati ya vidole, akaipeleka mikono usoni. "Zuhura," akasema, "asubuhi ile nilipoushika mlango wa ngazi ulikuwa umelowa hivi hivi. Na kofia nilipoigusa ilikuwa imelowa. Niliigusa kwa mkono wangu mwenyewe." Akanigeukia. "Ilikuwa umande, sivyo?" Nikamwambia ndiyo, Ami, ilikuwa umande. Aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyo na kazi nyingine tena. "Mwite Ouma nimwambie. Nisipowahi, mwambie wewe." Nikampigia Ouma, nikasema tu kwamba mzee anamwita. Akaahidi kuja Jumapili baada ya kanisa. Jumamosi alfajiri Bi Mwanaisha aligonga sakafu kwa mkongojo.

Basi niliweka sinia chini, nikavuta kiti, nikakaa karibu na Ouma chini ya turubai. "Ami alinituma kwako," nikasema. "Alisema nikwambie kwamba ulisema kweli. Ilikuwa umande. Amekufa anajua." Ouma aliangalia viatu vyake. Udongo ulikuwa umeanza kukauka na kudondoka. Kisha akanigeukia na uso mpole kabisa, uso niliokuwa nimeuona mara moja tu maishani, juu ya shingo ya mtu mwingine, na akanipigapiga mkono.

"Asante, Zuhura. Unanihurumia."

"Wallahi, Ouma, ni kweli. Naapa."

"Najua," akasema. "Hata mimi niliapa."